Lumbesa katika Kiingereza Chetu

Mama mmoja mkulima wa viazi kutoka Isyonje aliingia steshenari yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Kijana wake wa kidato cha nne alikuwa amekiandikia kikundi chao barua kwa Kiingereza, kwa sababu shirika waliloliomba mkopo wa mbegu lilitaka hivyo. Kazi yangu ilikuwa kuchapa tu. Lakini kabla ya steshenari nilishika chaki miaka kadhaa, na ualimu ni kama moshi wa kuni, hautoki kwenye nguo kwa kufua mara moja. Mstari wa kwanza ulisema "We request for a loan". Wa tatu ukasema "We discussed about the price of seeds". Nikamwomba ruhusa nifute maneno mawili.

"Yana ubaya gani, mwalimu?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa lugha ya biashara yake kwamba hiyo "for" na hiyo "about" ni lumbesa. Akacheka mpaka akaketi kwenye kiti cha wateja.

Kwa msomaji asiyetoka nyanda hizi: lumbesa ni gunia lililokwisha kujaa, kisha likashonewa kilemba cha viazi juu ya mdomo, ili mnunuzi alipe gunia moja na kuondoka na gunia na ziada. Wakala wa Vipimo wanaikataza, wakulima wanailaani, na kila msimu unaiona juu ya malori yanayoshika barabara ya Dar es Salaam.

Mama alipokwenda sokoni kunisubiri nimalize, niliisoma rasimu yote. Karibu na mwisho kijana aliandika "They did not listen our advice". Hapa gunia halikuzidi, lilipunjwa. Mtu yule yule, kwenye ukurasa ule ule, anaongeza kihusishi kisipotakiwa na kukiacha kinapotakiwa. Anayekosea kwa kuzidisha na kwa kupunguza hawezi kuwa mvivu tu. Kuna kanuni anayoifuata, hata kama hajui kwamba anaifuata, na nimekuwa nikiitafuta kanuni hiyo kwenye barua za wateja tangu siku ile.

Mkia wa kitenzi

Kihusishi ni neno dogo linaloonyesha kitu kinahusianaje na kingine: kipo juu yake, kinatoka kwake, kinafanywa kwa ajili yake. Kiswahili kina vichache: kwa, na, katika, kutoka, hadi, na ile "-a" inayobadilika sura kwa kufuata ngeli. Kiingereza kina makumi. Mtu wa haraka atasema lugha yetu ni maskini. Ukweli ni kwamba mzigo huo sisi tumeushonea kwenye mkia wa kitenzi.

Chukua hama na hamia. "Amehama Makambako" na "amehamia Makambako" zinatofautiana kwa irabu moja, na irabu hiyo inamgeuza mtu njia nzima: wa kwanza ameiacha Makambako, wa pili ndiyo kwanza anatafuta chumba cha kupanga pale. Kiingereza kitenzi hakikigusi. Kinasema "moved" mara zote mbili, kisha kinaweka "from" au "to" pembeni. Ndivyo ilivyo kwa lia na lilia, kimbia na kimbilia, omba na ombea, pika na pikia. Walimu wa Kiswahili wanaiita kauli ya kutendea, na Kiswahili hakiko peke yake. Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kisafwa na Kikinga ni ndugu wa Kibantu, na zote zina mkia huo. Msomaji wa Rungwe au Makete ajaribu kusema "nipikie" kwa lugha ya bibi yake ausikie mwenyewe. Mtoto wa Tukuyu anafika kidato cha kwanza, ambako masomo yanageuka Kiingereza ghafla, akiwa na lugha mbili zinazobeba uhusiano ndani ya kitenzi. Ya tatu inaubeba mkononi kama mfuko.

Kiingereza chenyewe hakikuanza hivyo. Kabla Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, hawajavuka bahari kuiteka Uingereza mwaka 1066, nacho kilikuwa na mikia, ila ilikaa kwenye nomino. Neno lao la mfalme, "cyning", liliishia "cyninges" kitu kikiwa chake na "cyninge" akipewa kitu. Miisho hiyo ikafifia karne kwa karne, na vihusishi, ambavyo tangu zamani vilikuwepo kama wasaidizi, vikaachiwa kazi karibu yote. Hakuna baraza lililokaa kugawa kazi hizo. Kila neno lilijishikia kihusishi chake kwa mazoea ya wasemaji, na maneno mengi yaliyoingia kutoka Kifaransa na Kilatini yalikuja na mazoea yao. Ndiyo maana mwanafunzi akiuliza "kwa nini on na siyo of?" mwalimu mara nyingi hana jibu ila kukohoa.

Sasa tutazame gunia lililopunjwa. Sikiliza kimeshiba chenyewe: unasikiliza redio, unasikiliza ushauri, hakuna pengo katikati. Subiri basi, tazama mpira, tafuta kazi, yote hayo yanashika kitu moja kwa moja. Kijana anayehamisha maneno jinsi yalivyo anapata "listen the radio", "wait the bus", "look the picture", na kwa sikio lake kila kitu kipo. Kwa Mwingereza, "listen" ni kutega sikio tu, bila kusema unalitegea nini. Ni "to" inayolifikisha kwenye redio. "Look" ni kuelekeza macho. Ukisema "look at" macho yamefika, "look for" yanatafuta, "look after" yanatunza, "look like" yanaona mfanano. Sisi tuna vitenzi vinne, tazama, tafuta, tunza, fanana, na wao wana kimoja chenye vijineno vinne.

Kuibiwa, kufiwa, kunyeshewa

Hakuna mahali mkia wetu unapotuponza zaidi ya kwenye kutendwa. Wateja wengi huja kwangu kuchapa maelezo ya kupotelewa na mali, na sentensi ninayoiona mara nyingi kuliko zote ni "I was stolen my phone". Kwa Kiswahili ni safi kabisa: niliibiwa simu. Tunachukua iba, tunashona mkia, tunapata ibia, na tangu hapo aliyeibiwa ana haki zote za kuwa yambwa, yaani mtendewa wa kitenzi: wameniibia. Akishakuwa yambwa anaweza kupandishwa mbele ya sentensi: nimeibiwa. Kwa Kiingereza "steal" haimtambui mwenye mali. Inakitambua kitu kilichochukuliwa peke yake, naye mwenyewe anasogezwa nyuma na "from": "My phone was stolen", "They stole it from me". Aliyeandika "I was stolen" amesema mwizi alimbeba yeye mwenyewe begani, labda wameshafika Tunduma.

Ukitaka mtu awe mbele, Kiingereza kinakudai ubadilishe kitenzi. "Rob" ndicho kinachomshika mtu au mahali, na kilichochukuliwa kinakuja na "of": "I was robbed of my phone". Lakini "rob" ina nguvu au vitisho ndani yake. Aliyechomolewa simu mfukoni kwenye msongamano wa stendi bila kujua, sentensi yake inaanza na simu. Tofauti hiyo hata polisi anaihitaji.

Kufiwa ndiko kugumu zaidi. "Amefiwa na baba yake" ni neno moja lenye heshima na uzito wote, na Kiingereza cha kila siku hakina kitu cha namna hiyo. Kinasema "She lost her father", kana kwamba baba alipotea sokoni, au kinapanda jukwaa la rasmi na kusema "bereaved". Nakiri kwamba hapa nadhani lugha yetu imeshinda.

Lakini mara moja moja lugha hizi mbili zinakutana vizuri. Rungwe ni mahali pa mvua. Pande za Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo watu wake wanalijua neno kunyeshewa. "Nimenyeshewa" kwa Kiingereza ni "I was rained on". Kitazame hicho "on" kilivyobaki kikining'inia mwishoni bila nomino ya kushika. Kiingereza kimempandisha mbele mtu aliyekuwa baada ya kihusishi, na kihusishi kikabaki nyuma ya kitenzi, yaani pale pale unapokaa mkia wetu. "Kitanda hiki hakijalaliwa" ni "This bed has not been slept in". Mwanafunzi akiuelewa mfano huu mmoja ameelewa mengi: kihusishi cha Kiingereza na kiambishi chetu cha kutendea ni wafanyakazi wa kazi moja, mmoja amevaa sare na mwingine hakuvaa.

Jambo la "explain me" liko jirani. Tunasema nieleze, nielezee, kwa hiyo "explain me the problem". Mbona "tell me" inakubalika na "give me" inakubalika? Kwa sehemu kubwa ni suala la ukoo. Vitenzi vifupi vya asili ya Kiingereza, kama "give", "tell", "send" na "show", vinamshika mtu bila kihusishi. Vilivyokuja kutoka Kilatini, kama "explain", "describe", "announce", "suggest" na "donate", vinamtaka mtu aje na "to". Unaweza "give the church money", lakini "donate" inadai "donate money to the church". Kanuni ina wakaidi wake, "promise" na "offer" kwa mfano, ila inakuokoa mara nyingi.

Mikono ya nomino

Nilimwambia mama wa Isyonje lumbesa, na kichwani nilikuwa nimeshaamua kwamba kosa ni la Kiswahili kuvuja. Nilikosea. Kitenzi jadili hakina kuhusu: "tumejadili bei", basi. Omba vilevile: "tunaomba mkopo". Kijana angefuata Kiswahili angeandika sawasawa, "We request a loan", "We discussed the price". Tena "discuss about" haiandikwi hapa kwetu tu. Inasikika Nigeria, inasikika India, kwa watu ambao hawajui hata "habari za asubuhi". Chanzo lazima kiwe ndani ya Kiingereza chenyewe.

Kiko kwenye nomino. Vitenzi vingi vya Kiingereza vina mikono, nomino hazina. "Request" ikiwa kitenzi inakamata mkopo wenyewe: "request a loan". Ikigeuka nomino haiwezi tena kushika, inahitaji kamba: "a request for a loan". "Discuss the price", lakini "a discussion about the price". "Emphasise education", lakini "emphasis on education". "We lack water", lakini "a lack of water". "He married her", lakini "his marriage to her". "Answer the question", lakini "the answer to the question". "Enter the room", lakini "entry into the room". Maneno mengi ya aina hii yana sura moja kwa kitenzi na nomino, "request", "demand", "lack", "answer", "contact", na mwanafunzi aliyeyazoea na kamba zake kwenye magazeti na matangazo anaendelea kuzifunga hata pale ambapo neno limeota mikono. Ndipo inapozaliwa "We demand for payment".

Kiswahili nacho kina sheria hiyo. Unasema "napenda viazi", lakini huwezi kusema "upendo viazi". Lazima "upendo wa viazi". Tunakosa maji, tuna ukosefu wa maji. Tunahofia nyoka, tuna hofu ya nyoka. Kwa hiyo wazo lenyewe si geni hata kidogo, na nashangaa kwamba sikuwahi kulifundisha kwa njia hii nilipokuwa darasani.

Tofauti ni idadi ya kamba. Sisi tuna moja, "-a", inayobadili nguo tu kwa ngeli: ombi la, jibu la, ufunguo wa, sababu ya, tiketi ya, athari za, ongezeko la. Wao wanazo nyingi, na kila nomino ina yake. Hapa ndipo Kiswahili kinapovuja kweli, kwa sababu mwanafunzi anaichukua "-a" na kuigeuza "of" kila mahali: "answer of the question", "key of the door", "reason of the delay", "ticket of Iringa", "increase of price". Anayesahihisha anapiga mistari myekundu mitano na kuandika "to", "to", "for", "to", "in", bila neno la ziada, na daftari linaonekana kama lililotokwa damu ya pua.

Je, kuna mantiki kwenye mgawanyo huo? Ipo, ila ina matundu. "To" hupenda nomino ambazo zina kitu cha kuelekea: jibu linarudi kwenye swali, ufunguo unaelekea kwenye kitasa, hasara inafika kwenye mali, kwa hiyo "answer to", "key to", "damage to", na "solution to" iko humo humo. "On" hupenda kinachokandamiza kutoka juu. Kodi inakalia bidhaa, "tax on sugar". Marufuku inakalia mkaa, "ban on charcoal". Mkazo, ushawishi na athari navyo vinabonyeza, "emphasis on", "influence on", "effect on". "For" hufuata kile ambacho bado huna mkononi: "request for", "demand for", "need for", "application for", "search for". Na "in" inashika vitu viwili ambavyo sijui kama ni ndugu. Kimoja ni eneo ambamo mabadiliko yametokea, "increase in", "fall in", "change in". Kingine ni mahali unapoweka moyo wako, "interest in", "belief in", "confidence in".

Nomino moja inaweza kuwa na kamba mbili kwa wakati mmoja, na hapo "-a" yetu inaelemewa hata kwa Kiswahili. "Athari za mvua kwa barabara" ni "the effect of rain on the road": "of" inamfunga msababishaji, "on" inamfunga aliyeumia. Bei ya viazi ndiyo darasa zuri kuliko yote. Gunia likipanda kutoka 70,000 hadi 80,000, kilichobadilika ni bei, kwa hiyo "an increase in the price". Kiasi cha kupanda ni 10,000, kwa hiyo "an increase of 10,000 shillings". Na ukirudi kwenye kitenzi, kiasi kile kile kinadai kihusishi cha tatu: "The price increased by 10,000". Ukiandika "increased to 10,000" badala ya "by", umemshushia mkulima bei ya gunia zima kwa herufi mbili.

Usidhani ukijua kihusishi cha neno moja umejua cha ukoo mzima. Mara nyingi inakuwa hivyo: "depend on", "dependent on", "dependence on". Kisha anakuja mtoto mkaidi, "independent of". Neno la fahari ndilo linalonifurahisha zaidi. Mzee anayejivunia binti yake aliyemaliza chuo cha Mkwawa ni "proud of his daughter". Fahari aliyo nayo ni "pride in his daughter". Na ukitumia kitenzi, "he prides himself on" kitu fulani. Of, in, on, ndani ya nyumba moja. Hapo mantiki imekwenda likizo.

Kwa, na, -ni

Hivi nitavipita haraka. "Kwa" yetu ni panga la shamba, inafanya kila kazi: kwa kisu ni "with a knife", kwa basi ni "by bus", kwa miguu ni "on foot", kwa Kiswahili ni "in Swahili", kwa siku ni "per day", kwa mjomba ni "at my uncle's". Hongera kwa kufaulu inatuzalishia "congratulations for", ambapo wao wanasema "on". "Na" ya ameolewa na inatuzalishia "married with", ambapo wao wanasema "married to". "Married with" wanaitumia pia, lakini mara nyingi kwa watoto: "married with three children", yaani ana ndoa na ana watoto watatu. Aliyejaza fomu "married with Mr." fulani hajawakosea sana, ila atasababisha tabasamu.

Kiambishi "-ni" nacho kinachanganya "in", "on" na "at" kwa mpigo: mezani, ukutani, shuleni. Hata hivyo si kweli kwamba hatuoni tofauti hizo. Tunaziweka kwingine, kwenye yupo, yuko na yumo: mahali panapojulikana, mahali pa jumla, ndani kabisa. Kwa hiyo ninapomfundisha mtu naanzia hapo. "Yumo" inakaribia "in". Zilizobaki inabidi azizoee: "at" kwa mahali palipochukuliwa kama nukta, "on" kwa kinachogusa uso wa kitu. Ndiyo maana unafika "at the bus stand" lakini unafika "in Mbeya". Ukitumia "reach" hakuna kihusishi: "We reached Mafinga". "Reach to Mafinga" ni lumbesa.

Na kwa nini "in the car" lakini "on the bus"? Kwa ujumla chombo ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea ndani yake, basi, treni ya TAZARA, meli ya Ziwa Nyasa, kinachukua "on". Kile unachojikunja kuingia kinachukua "in". Pikipiki na baiskeli ni "on", kwa kuwa unazikalia. Bajaji? Ninasema "in". Aliyewahi kupanda Uyole hadi Mafiati wakiwa watano ndani yake hatabisha.

"To" mbili zenye uso mmoja

Kosa hili lilinipata mimi. Miaka ya nyuma niliomba kazi kwenye ofisi moja Iringa, na barua yangu ilimalizia "I look forward to hear from you". Mmoja wa waliokuwa wakinihoji aliusoma mstari huo kwa sauti, polepole, akaniuliza kama ndiyo nilichofundishia wanafunzi wangu. Nilitoka pale nikiwa nimelowa jasho, na Iringa siku hiyo ilikuwa na baridi.

Shina lake ni kiambishi chetu "ku-". Kusoma ni kitendo ("nataka kusoma") na kusoma ni jina la kitendo ("kusoma kunachosha"). Sura moja, kazi mbili. Kiingereza kimezigawa: "to read" upande mmoja, "reading" upande mwingine, na baada ya kihusishi wanakubali hii ya pili tu. "Interested in learning". "Good at cooking". "Thank you for coming". Mtego uko kwenye "to", kwa sababu kuna mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ni ya kitenzi, kama kwenye "I want to go". Nyingine ni kihusishi kamili, kama kwenye "I went to Kyela", na hiyo ndiyo iliyomo kwenye "look forward to". Kwa hiyo "look forward to hearing".

Kuzitenganisha ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Weka nomino ya kawaida mahali pa kitenzi. "I look forward to your reply" inakwenda vizuri, basi hiyo "to" ni kihusishi na kitenzi kinachofuata kitachukua "-ing". "I want to your reply" haiendi kokote, basi hiyo "to" ni ya kitenzi. Kipimo hicho hicho kinatatua "used to". "I am used to the cold" inakubali nomino, kwa hiyo aliyehamia Makete akazoea kuamka kwenye baridi ni "I am used to waking up in the cold". Lakini "I used to wake up early" ni habari za zamani, haikubali nomino, haikubali "-ing". Na "stop smoking" ni kuacha sigara, "stop to smoke" ni kusimama njiani ili uvute; dereva wa lori kwenye Mlima Kitonga anaweza kufanya la pili mara tatu kwa siku bila kuwahi kufanya la kwanza.

Kamusi inayosema neno linafuatwa na nini

Shida hii yote haikugunduliwa kwetu. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, aliona wanafunzi wake wanajua maana ya maneno bila kujua yanavyotumika, kwa sababu kamusi nyingi za wakati huo ziliandikiwa watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa. Yeye na wenzake wakatengeneza kamusi inayoonyesha kila kitenzi kinafuatwa na nini. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford ikaitoa mwaka 1948, na ndiyo mama wa zile kamusi nene za wanafunzi zilizojaa kwenye maktaba za shule zetu. Kinachonisikitisha ni kwamba tunazifungua, tunasoma maana, tunafunga. Kile kinachofuata maana, neno dogo kwa herufi nzito, "for something", "to somebody", ndicho kilichomfanya mtu ahangaike miaka yote ile Japani.

Ninachowaambia vijana wanaokuja kuchapa ripoti za mafunzo kwa vitendo ni wasiandike "request" peke yake kwenye daftari la msamiati. Waandike "request a loan" na chini yake "a request for a loan", mistari miwili, kitenzi na nomino. Neno lililoandikwa bila kinacholifuata ni gunia ambalo halijapimwa.

Watanibishia, tena kwa haki, kwamba Waingereza na Wamarekani wenyewe hawakubaliani. Mwingereza anasema "different from" au "different to", Mmarekani anaongeza "different than". Mwingereza ana "at the weekend", Mmarekani "on the weekend". Mmarekani anaandika "write me" na "protest the decision" bila kihusishi, Mwingereza anaweka "to" na "against". Na kama "discuss about" inasemwa Lagos, Delhi na Mwanjelwa, nani aliyempa mtu wa London mizani? Swali zuri. Kwenye mazungumzo simsahihishi mtu, tumeelewana, yatosha. Kwenye barua ya mkopo nafuta, kwa sababu atakayeisoma huenda ana barua mia mezani na anatafuta sababu yoyote ya kuzipunguza.

Mama alirudi jioni, kapu limejaa. Nikamwonyesha nilipofuta "for" na "about", na nilipoongeza "to" baada ya "listen". Akahesabu kwa vidole.

"Umetoa mawili, umeweka moja," akasema. "Sasa mwalimu, mimi nalipia yaliyotoka au yaliyoingia?"

Nikamtoza ukurasa mmoja.